Kuchagua Wakati wa Kitenzi katika Mtihani wa Kiingereza: Mwongozo kwa Mtahiniwa wa Ufipa

Mtahiniwa wa Ufipa anayeketi mbele ya karatasi ya Kiingereza, awe wa darasa la saba mwezi wa Septemba au wa kidato cha nne mwezi wa Novemba, huketi na lugha tatu kichwani mwake: Kifipa alichokipata nyumbani, Kiswahili kilichomfunza hesabu na sayansi na historia, kwa kuwa ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi tangu zama za Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na Kiingereza, ambacho katika vijiji vya Mpui, Laela na Matai aghalabu hakisikiki nje ya kuta za darasa. Asomapo swali hulifasiri kimoyomoyo kwa lugha ile ya kati, akapata jibu la Kiswahili lililo safi kabisa, kisha akatafuta katika herufi za majibu umbo linalolingana nalo. Na hapo ndipo alama zinapopotea, si kwa ujinga wala kwa uvivu, bali kwa sababu mipaka ya nyakati za vitenzi katika Kiswahili siyo mipaka ya nyakati za Kiingereza.

Madhumuni ya mwongozo huu ni kukuonyesha, ewe msomaji uliye na mtihani mbele yako au uliye na mwana wa kumwandaa, mambo mawili: namna ya kuusoma ushahidi uliomo ndani ya swali kabla ya kuyatazama majibu, na mahali ambapo Kiswahili chako kitakuongoza vyema na mahali ambapo kitakupoteza. Orodha ya nyakati zote za Kiingereza pamoja na mifano yake imo katika vitabu vya sarufi, nami sina haja ya kuirudia. Aliyeikariri yote na bado anakosa maswali, huyo ndiye ninayesema naye.

Anza kwa kuyafunika majibu kwa kiganja. Swali la mtihani halitungwi kiholela: mtunzi wake, ili pawe na jibu moja tu lililo sahihi, hana budi kuacha ndani ya sentensi neno linalozifunga njia nyingine zote, na neno hilo ndilo shahidi wako. Mara nyingi shahidi huwa ni kielezi cha wakati, kama "yesterday", "ago", "now" au "every year". Mara nyingine huwa ni kitenzi cha pili ambacho mtunzi amekwisha kukiandika mwenyewe. Na mara nyingine huwa ni kiunganishi, kama "before", "while" au "if". Kazi ya mtahiniwa ni kazi ya kadhi, ambaye husikiliza mashahidi kwanza ndipo akahukumu, wala hamhukumu mtu kwa sura yake. Anayekimbilia majibu kabla ya kuisoma sentensi hadi nukta yake hulichagua lile alilolizoea masikioni, na mtunzi, ambaye ayajua mazoea hayo vizuri, amekwisha kuliweka lile lililozoeleka miongoni mwa yale ya makosa.

Chukua mfano: "The lorry from Tunduma ______ an hour ago", na majibu ni "has arrived", "arrived", "had arrived" na "arrives". Mwanafunzi husema moyoni, "Lori la Tunduma limefika saa moja iliyopita", akaona -me-, akakumbuka kwamba mwalimu alimwambia -me- ni "has", akachagua la kwanza, akakosa. Shahidi hapa ni "ago", naye ni shahidi asiyepingika: neno hilo huliweka tendo mahali maalumu nyuma yetu, na Kiingereza hakikubali kabisa "has" wala "have" pamoja na tendo lililotajiwa saa, siku au mwaka wake uliopita. Jibu ni "arrived".

Hapa tumefika penye shina la makosa mengi kuliko yote, na inafaa tukae kidogo. Kiambishi chetu cha -me- ni kipana. Bi. E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1944, alikieleza kwa kukamilika kwa tendo na kwa hali inayosalia baada ya kukamilika huko. Na kwa hakika, ukiyasikiliza mazungumzo ya watu katika stendi ya mabasi ya Sumbawanga, utakisikia kikifanya kazi tatu ambazo Kiingereza kimezigawa kwa nyakati tatu zilizo mbalimbali.

Kazi ya kwanza ni ile ya tendo lililokwisha, lisilotajiwa siku yake, ambalo athari yake ingalipo sasa. "Umekula?" Huulizi alikula lini, wataka kujua kama ana njaa. Huu ndio wakati timilifu ambao darasani huitwa "Present Perfect", na hapo -me- na "have" hukubaliana bila taabu: "Have you eaten?"

Kazi ya pili ni ile ya hali. Mzee amevaa makoti mawili kwa baridi ya mwezi wa Julai; mtoto amelala; askari amesimama mlangoni. Kwa Kiswahili vyote ni -me-, lakini Kiingereza huziona hali hizo kuwa zinaendelea mbele ya macho yetu, kwa hiyo husema "is wearing", "is sleeping", "is standing". Swali likianza kwa "Look!" au likimalizika kwa "now", nawe moyoni umesikia "amevaa", usikimbilie "has worn". Kuna na vitenzi vingine vya namna hii ambavyo Kiingereza huvigeuza kuwa sifa tu: amechoka ni "is tired", amekasirika ni "is angry".

Kazi ya tatu ndiyo yenye hatari. Katika mazungumzo yetu ya kila siku twasema "amefika jana", "nimemwona juzi", "nimesoma shule ya Kantalamba mwaka 2010", wala hapana anayetukosoa, maana Kiswahili cha mazungumzo kinairuhusu -me- kuambatana na siku iliyopita, ingawa wazee wa pwani wangependelea -li-. Kiingereza hakiruhusu. Basi jiwekee kanuni hii: kila usikiapo -me- moyoni, jiulize kama sentensi ya Kiingereza imetaja siku, saa au mwaka uliokwisha, ikiwa imetaja, igeuze -me- yako iwe -li- kwanza, useme "alifika jana", ndipo uyafunue majibu.

Zaidi ya -me- liko neno "tangu", nalo hupotosha kwa upande mwingine. Twasema "Ninakaa Sumbawanga tangu 2015" kwa wakati uliopo, na ni Kiswahili fasaha, lakini Kiingereza, kikiona tendo lililoanza zamani na bado halijakoma, hutaka timilifu: "I have lived in Sumbawanga since 2015." Wengi huandika "I am living here since 2015", na watunzi wa mitihani hawachoki kuliweka jibu hilo kama mtego. Historia ya mkoa wetu inatupatia mfano uliokamilika. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na wilaya ya Mpanda ilikuwa ndani yake mpaka mwaka 2012, ulipozaliwa mkoa wa Katavi. Sasa tazama sentensi mbili zenye mwaka ule ule: "Katavi became a region in 2012", na "Katavi has been a region since 2012." Mwaka haukubadilika, jambo lenyewe halikubadilika, ila "in" imekunjua kalenda na kuweka kidole mahali pamoja, ilhali "since" imevuta mstari kutoka hapo hadi leo. Mwanafunzi akizielewa sentensi hizi mbili, nusu ya maswali ya timilifu ameyamaliza.

Nami sina budi kusema neno juu ya orodha za maneno zinazokaririshwa katika masomo ya ziada, kwamba "already, yet, just, since, for" ni za timilifu na mambo yakaishia hapo. Orodha hizo zina faida, lakini si mashahidi wote waliomo humo ni waadilifu. "For" husimama na nyakati zote: "He taught at Laela for ten years" ni ya mwalimu aliyekwisha kuhama au kustaafu, na "He has taught at Laela for ten years" ni ya mwalimu ambaye kesho asubuhi utamkuta ubaoni. Katika swali la namna hiyo lazima utafute shahidi wa pili, kama "before he retired" au "and he still enjoys it", naye ndiye atakayeamua. Kadhalika "when", "always" na "before". Kila mojawapo huingia nyumba nyingi. Shahidi mmoja akikutia shaka, endelea kusoma.

Tuje kwenye wakati ujao, ambako nimeona kanuni moja nyepesi ikiwaokoa wengi. Kiingereza, baada ya maneno kama "when", "before", "until", "as soon as" na "if", yakiwa yanafungua kishazi cha wakati au cha sharti, hakitumii "will". Hutumia wakati uliopo ingawa jambo ni la kesho. Sasa angalia: sharti halitutatizi, kwa sababu sisi wenyewe husema "mvua ikinyesha, tutapanda", na -ki- haina -ta- ndani yake, hivyo "If it rains, we will plant" huja kwa urahisi. Taabu ipo kwenye "atakapofika", "mvua itakaponyesha", ambamo -ta- imo bayana, na mwanafunzi huitoa nzima nzima akaandika "When he will arrive, I will tell him." Kwa hiyo, kila uonapo "when" ya mambo yajayo, ifasiri kwa Kiswahili na usikilize kilichotoka. Kikitoka kitenzi chenye -po-, yaani "atakapofika", weka wakati uliopo: "I will tell him when he arrives." Kikitoka "lini", yaani "sijui atafika lini", basi hilo ni swali lililofichwa ndani ya sentensi, na "will" hubaki mahali pake: "I do not know when he will arrive." Hapa Kiswahili chapambanua waziwazi jambo ambalo Kiingereza kimelivika neno moja, na ni haki yako kuitumia neema hiyo.

Juu ya mambo mawili yaliyopita, moja likitangulia jingine, Kiswahili hukuongoza vizuri: "basi lilikuwa limeondoka" ni "the bus had left", na "lilikuwa" ile ndiyo inayokukumbusha "had". Meli ya Liemba, ambayo watu wa Kasanga waliizoea kwa miaka mingi, ilijengwa na Wajerumani kwa jina la Graf von Götzen, nao waliizamisha kwa mikono yao mwezi wa Julai mwaka 1916 ili isitekwe; Wabelgiji walipoingia Kigoma siku chache baadaye, haikuwa juu ya maji. Kwa Kiingereza: "When the Belgians entered Kigoma, the Germans had already sunk the ship." Ukiandika "sank" badala ya "had already sunk", msomaji ataelewa kwamba Wajerumani waliizamisha baada ya Wabelgiji kuingia, na hapo historia yenyewe imegeuzwa. Ndiyo maana wakati huu hauna haja pale ambapo matukio yanafuatana kwa mpango wake, kama tusimuliavyo kwa -ka-, "akaamka, akanawa, akaenda shambani": hapo vitenzi vyote hukaa katika wakati uliopita wa kawaida, wala usitie "had" kwa kupamba.

Jihadhari tu na "kabla". Kiswahili husema "kabla hajafika", kwa kukanusha, na Kiingereza hakikanushi. "Before he has not arrived" ni Kiswahili kilichovaa kanzu ya watu. Sema "before he arrived" kwa yaliyopita na "before he arrives" kwa yajayo.

Kwenye kauli ya taarifa, ambayo watunzi huipenda kwa maswali ya kuigeuza sentensi, Kiswahili hukuacha peke yako. Sisi husema "Alisema kwamba anaumwa", na "anaumwa" hubaki katika wakati uliopo kana kwamba twasikia sauti yake; lakini Kiingereza, kikishaandika "said", hukivuta na kitenzi cha pili nyuma: "He said that he was ill." Basi "said", "told" na "asked" ni mashahidi pia, na ukiwaona, kila kitenzi kinachofuata kirudishe hatua moja, "is" iwe "was", "will" iwe "would", "has gone" iwe "had gone". Iliyosalimika ni kweli ya daima, ambayo huweza kubaki kama ilivyo, kama mwalimu wa jiografia aliyetuambia kwamba Ziwa Rukwa halina mto unaotoka: "The teacher told us that Lake Rukwa has no outlet."

Kweli hiyo ya daima, pamoja na mazoea, ndiyo makao ya wakati uliopo wa kawaida, na kwa Kiswahili mlinzi wake ni hu-. "Wafipa hulima mahindi na ulezi". "Mto Kalambo huanguka zaidi ya mita 200". "Maji hutokota kwa nyuzi 100", ingawa sisi wa Sumbawanga, tulio kimo cha takriban mita 1,800 juu ya bahari, maji yetu hutokota kabla ya kufika nyuzi 95, na maharage yetu huchelewa kuiva kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mtunzi wa swali la Kiingereza hapimi fizikia, yeye ataka "boils" na si "is boiling". Tatizo ni kwamba watu wengi siku hizi wameiacha hu- wakatumia -na- kwa yote, hata "anafanya kazi benki" ikawa na maana ya sasa hivi na ya kila siku pia. Ukiwa na shaka, jaribu kuirudisha hu- katika sentensi: ikikaa vizuri, "hufanya kazi benki", chagua "works", isipokaa, kwa sababu jambo linatendeka wakati huu tu, chagua "is working". Isipokuwa vitenzi vya kujua, kutaka, kuelewa, kumiliki na kupenda, ambavyo Kiingereza cha mtihani hakivivishi "-ing" hata kidogo. "I am not understanding" na "I am having two brothers" husikika sana mitaani, na karatasini hugharimu alama.

Kwa habari ya "if" ya mambo yasiyokuwa, wale waliolelewa na Kiswahili cha zamani wana bahati. Zamani -nge- ilikuwa ya jambo ambalo bado laweza kudhaniwa, na -ngali- ya jambo lililokwisha kupita na halitengenezeki tena. Vijana wamezichanganya, nami si hakimu wao, lakini anayezitenga ana ufunguo mkononi. "Ningekuwa na fedha, ningenunua ng'ombe" ni "If I had money, I would buy a cow." "Ningalijua kwamba barabara imefungwa, nisingalikuja" ni "If I had known that the road was closed, I would not have come." Usiweke kamwe "would" pande zote mbili, upande wenye "if" hauitaki.

Yaliyosalia nitayapitia upesi. Baada ya "did" na "did not" kitenzi hurudi kwenye umbo lake la asili, "did not go", wala si "did not went". Baada ya "It is high time" weka wakati uliopita, "It is high time we left", hata kama safari ni ya dakika hii. "No sooner had we reached Namanyere than it began to rain": "had" hutangulia mtenda, na mwenziwe ni "than", si "when". "While" hupenda jambo lililokuwa likiendelea, na jambo lililolikatiza huchukua wakati uliopita wa kawaida, kama abiria asimuliavyo safari ya kuteremka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze: "While we were going down the escarpment, the brakes failed." Na vitenzi visivyofuata kanuni, "sink, sank, sunk" na jamaa zake, havina hila wala njia ya mkato, ni vya kukariri, na afadhali uvikariri vichache kila siku tangu sasa kuliko vyote usiku wa kuamkia mtihani.

Kwa mazoezi, tafuta karatasi za miaka iliyopita za Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 na ambalo karatasi zake hupatikana katika shule nyingi na hata mtandaoni. Usizijibu mbiombio. Katika kila swali la kitenzi, pigia mstari neno lililokuwa shahidi kabla hujaandika herufi yoyote, na ukikosa, usiridhike kulinakili jibu la kweli, bali rudi ukatafute shahidi uliyempita bila kumwona, kisha uliseme swali hilo kwa Kiswahili ili uone ni -me-, ni -ta- au ni "tangu" iliyokuhadaa. Wala usizifanye peke yako ikiwa una wenzako: mmoja asome, mwingine ajibu, na mwalimu au mwenzako akikuuliza kwa nini umechagua herufi hiyo, usimjibu kwamba inasikika vizuri, mwonyeshe neno.